Sauti ya chumba: PJ Harvey na albamu iliyorekodiwa kanisani

Ukiisikiliza "Let England Shake" kwa spika nzuri, kabla ya gitaa wala maneno utasikia chumba. Mimi kazi yangu ni kurekodi, na vijana wa bendi wakinijia na maswali ya maiki gani inunuliwe, huwawekea albamu hii kwanza.

Ni albamu ya nane ya mwimbaji Mwingereza PJ Harvey. Ilitoka Februari 2011 na mwaka huohuo ikashinda Mercury Prize, tuzo ya muziki ya Uingereza aliyokuwa ameshaipata mwaka 2001. Ilirekodiwa Aprili na Mei 2010 ndani ya kanisa huko Eype, mkoani Dorset, kwa muda wa wiki tano. Yeye, John Parish, Mick Harvey (si ndugu yake) na mpiga ngoma Jean-Marc Butty walipiga pamoja sehemu kubwa ya kazi. Studio zetu nyingi hapa Mombasa ni vyumba vidogo vilivyobandikwa sponji kila ukuta, mwimbaji yuko peke yake na biti masikioni. Watu wakipiga pamoja ukumbini, ngoma huingia hadi kwenye maiki ya mwimbaji. Huwezi tena kumtengeneza mmoja bila kuwagusa wenzake. Mafundi wengi huliogopa hilo. Mimi naona ndipo utamu ulipo.

Halafu kuna otohapu, ala anayoipiga Harvey katika albamu hii. Ni sanduku bapa lenye nyuzi 36 hivi. Ukibonyeza kitufe, ubao wenye vitambaa vizito hushuka ukazizima nyuzi zisizotakiwa, zikabaki zile zinazopatana, nawe unazipapasa zote kwa mkupuo. Sikio la Mombasa litakimbilia taishokoto, ile ala ya nyuzi ya taarabu, maana nayo ina vitufe. Ila kazi zao ni kinyume: kitufe cha taishokoto hukandamiza uzi utoe noti yake, ndiyo maana huweza kumfuata mwimbaji kama Zuhura Swaleh hatua kwa hatua katika taarabu zake. Otohapu haimfuati mtu hivyo. Inatandika tu, nyuzi zinalia juu ya nyuzi, na kanisa linaongeza mwangwi. Mwimbaji anabaki peke yake juu, na Harvey aliipandisha sauti yake ikawa nyembamba, karibu ya mtoto, huku akiimba habari za maiti za vita vya Gallipoli, Uturuki.

Maana albamu yenyewe ni ya vita, hasa ile ya 1914 hadi 1918. (Vita hiyohiyo ndiyo ya sanamu ya askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta, tunayoipita kila siku.) Katika "The Glorious Land" tarumbeta ya jeshi inaingia nje ya mapigo ya ngoma, tena nje ya ufunguo wa wimbo, yaani noti zake hazipatani nao. Fundi yeyote mkono wake utakwenda kuifuta. Wao wameiacha, na wimbo mzima unakaa kwa wasiwasi.

Kanisa si lazima. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe na dari ndefu za boriti. Kuta zinarudisha sauti, boriti zinaitawanya isigonge sehemu moja. Ingieni baada ya isha, tuktuk zikishapungua. Piga kofi katikati ya chumba usikilize linavyokufa, kisha weka maiki mbili mbali na wapigaji, usogeze watu badala ya maiki.