Nyara za serikali: dhana iliyozaliwa katika uwindaji wa wakoloni

Ukiishi Tabora au Kigoma, haipiti muda mrefu bila kusikia redioni kwamba mtu fulani wa Sikonge, Kaliua au Uvinza amehukumiwa miaka 20 jela kwa kukutwa na nyara za serikali. Safari nyingine ni meno ya tembo. Safari nyingine ni vipande vya nyama iliyokaushwa, mkia wa twiga, au ngozi ya chui iliyokunjwa ndani ya kiroba. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani kuna ghala la serikali lililovunjwa. Wapo pia wanaodhani kwamba kama hukuua mnyama kwa mkono wako, huna kesi. Wote wamekosea, na kosa la hao wa pili limeshawafunga watu.

Nyara ya serikali ni mnyamapori, au sehemu yoyote ya mnyamapori, ambayo hakuna mtu aliyeipata kwa kibali halali, na kwa sababu hiyo sheria inaihesabu kuwa mali ya serikali. Jino, pembe, ngozi, nyama, kwato, mfupa, vyote vimo. Tembo aliyepigwa risasi bila leseni ni nyara ya serikali. Tembo aliyejifia porini kwa uzee, hakuguswa na mtu, naye ni nyara ya serikali. Kosa basi halianzii kwenye kuua. Kuwa nacho tu kunatosha.

Kinachobadilisha hali hiyo ni leseni. Chukua nzohe, yule swala wa kwenye maji anayepatikana katika mabwawa ya Moyowosi. Mgeni wa uwindaji wa kitalii aliyelipia kitalu (eneo la kuwindia), leseni na ada akimpiga nzohe, pembe na ngozi ni zake, atazipakia na kwenda nazo kwao. Mwanakijiji wa jirani akimnasa nzohe wa aina ileile, katika bwawa lilelile, pembe ni za serikali na yeye ni mtuhumiwa. Leseni ndiyo inayomhamisha mnyama kutoka mikononi mwa serikali kwenda mikononi mwa mtu. Utaratibu huo ulijengwa enzi za safari kubwa za uwindaji, wakati wa Wajerumani na Waingereza.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo wanyama hawakuwa na mwenyewe. Unyamwezi ulikuwa nchi ya pembe za ndovu. Karne ya 19, Tabora na Ujiji zilikuwa masoko ya pembe, na misafara ya kwenda pwani ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi. Kulikuwa na wawindaji waliofanya kazi hiyo tu, wenye vyama vyao kama wayege, vyenye dawa, nyimbo na miiko. Kijana hakujiingiza tu, alifundishwa. Na tembo alipoanguka, jino moja lilikuwa la mwindaji na la pili lilikwenda kwa mtemi wa nchi ile. Ngozi ya simba na ya chui nazo zilipelekwa ikulu ya mtemi. Mirambo, mtemi wa Urambo, alipigana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya njia ambazo pembe hizo zilipitia, na Isike wa Unyanyembe baada yake aliwapinga Wajerumani mpaka walipoiteka ngome yake mwaka 1893. Sheria ya kumiliki mnyama ilikuwepo. Tofauti ni kwamba mwindaji alikuwa na fungu lake lisilo na ubishi, na aliyechukua fungu la pili alikuwa mtu unayemjua, anayeishi siku moja ya mwendo kutoka kwako.

Wajerumani walipokaa bomani Tabora, fungu hilo likabadilika. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori kwa koloni lote la Afrika Mashariki ya Kijerumani: anayetaka kuwinda awe na leseni, majike na watoto wa wanyama wasiuawe, na yakatengwa mapori mawili yasiyowindwa, moja upande wa Kilimanjaro na jingine Rufiji. Hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa biashara ya pembe ilikuwa imemaliza tembo katika nchi nyingi. Miaka minne baadaye, Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London na kuandika mkataba wa kuhifadhi wanyama. Ndani yake limo wazo kwamba jino la tembo lenye uzito chini ya kilo 5 litaifishwe, hata kama aliyenalo hakumwona tembo mwenyewe akifa. Hapo ndipo unapoiona dhana yetu ikianza kusimama: kosa linakaa kwenye kitu, si kwenye kitendo peke yake.

Mtawala alibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, dhana haikubadilika. Mwingereza aliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919 na kumweka Charles Swynnerton kuwa mkuu wake wa kwanza, akatunga sheria ya uwindaji mwaka 1921, nyingine mwaka 1940, kisha ile ya hifadhi ya wanyama ya mwaka 1951.

Sasa itazame safari yenyewe ya uwindaji, maana ndiyo iliyokuwa akilini mwa waliotunga sheria hizo. Mgeni alishuka melini na bunduki zake, akaenda bomani kununua leseni. Leseni ilikuwa orodha: wanyama wa aina hii, idadi hii. Tembo alihitaji leseni yake ya pekee, kwa bei yake ya pekee. Kisha mgeni aliajiri watu. Alikuwepo mnyapara wa kusimamia wapagazi, mbeba bunduki aliyetembea nyuma ya bwana hatua moja, wajuzi wa nyayo, mpishi, askari, na wachunaji. Kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 27, ukiacha mkeka wake na posho yake. Wanyamwezi waliheshimika sana katika kazi hiyo, na hata safari zilizoanzia Nairobi ziliwaajiri. Kabla ya reli, kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa miezi miwili hadi mitatu ya miguu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzungu mwenye nafasi aliweza kushuka kwenye behewa na kuanza kuwinda baada ya siku chache.

Ukubwa wa safari hizo unaonekana katika ile ya Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyewinda Kenya na Uganda mwaka 1909 na 1910 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Wapagazi wao walikuwa zaidi ya 200, na katika mizigo ilikuwemo chumvi tani nne, si ya kupikia, bali ya kukaushia ngozi. Hakuna aliyemwita jangili. Alikuwa na leseni, na ngozi zote zilikuwa zake halali.

Pembe za ndovu zilikuwa na hatua moja zaidi. Mwindaji alizirudisha bomani, zikapimwa kwenye mizani, zikaandikwa daftarini, kisha kila jino likagongwa namba yake. Jino lenye namba lilikuwa na mwenyewe. Jino lisilo na namba, likikutwa popote, dukani kwa Mhindi au uvunguni mwa kitanda cha mkulima, lilikuwa la serikali. Alama hiyo ndogo kwenye jino ndiyo ilikuwa dhana nzima kwa vitendo.

Na mwindaji wa Unyamwezi? Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeshazuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, akabaki na gobore la kushindilia baruti. Shimo, wavu, mtego wa kamba na mshale wa sumu, vyombo alivyorithi kwa babu zake, vilipigwa marufuku kimoja baada ya kingine, kwa hoja kwamba vinaua bila kuchagua na vinamtesa mnyama. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtego wa kamba kweli haubagui jike wala mtoto. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba njia pekee halali ya kuwinda mnyama mkubwa ilikuwa ile ya mtu mwenye fedha na raifo. Wenye kibali cha gobore waliweza kupata kitoweo kwa masharti. Tembo waliwatoka kabisa. Mtu ambaye baba yake aliitwa fundi, yeye aliitwa jangili, kwa kazi ileile.

Jambo lililowauma wazee zaidi ni kwamba serikali yenyewe iliua wanyama kwa wingi. Tembo waliovamia mashamba walipigwa na maaskari wa Idara ya Wanyamapori. Wanakijiji waliweza kuachiwa nyama, meno yakaenda ghalani Dar es Salaam kuuzwa kwa mnada. Katika vita dhidi ya ndorobo, inzi anayeeneza malale, wanyama waliuawa ili kumnyima mdudu chakula. Watu wa Uha na Unyamwezi walihamishwa kwa ajili ya malale, wakapangwa katika makazi ya pamoja, na nchi waliyoiacha ikarudi kuwa msitu. Pori tunaloliona leo kama la tangu na tangu, mahali pengine lina mashina ya miembe ya vijiji vya zamani. Kaskazini ya Kigoma, Gombe ilifanywa pori la akiba mwaka 1943, miaka 17 kabla Jane Goodall hajafika kuwatazama sokwe.

Baada ya Uhuru Tanzania ilirithi dhana hii na kuiimarisha, kwanza kwa sheria ya mwaka 1974 na kisha kwa sheria ya mwaka 2009 inayotumika sasa. Naamini ilikuwa sahihi kuiimarisha. Miaka ya 1970 na 1980 tembo waliuawa kwa bunduki za kivita hadi mwaka 1989 nchi ikaendesha Operesheni Uhai, msako mkubwa wa majangili, na yenyewe kupeleka pendekezo la kupiga marufuku biashara ya pembe duniani. Bila kanuni kwamba jino lisilo na kibali si la mtu, hakuna ambaye angeshitakiwa isipokuwa aliyefumaniwa na kidole kwenye kifyatulio. Ninacholalamikia ni kwamba kanuni hii nzito haijaelezwa vya kutosha kwa watu inaowabana.

Mrina asali ndiye wa kumfikiria kwanza. Ameingia miyombo ya Ugalla kukagua mizinga yake ya magome, anakuta mifupa ya tembo na jino limelala kwenye majani. Desturi ya zamani ingempa fungu. Sheria ya leo inamtaka asilibebe, atoe taarifa kwa askari wa wanyamapori, ofisi ya kijiji au polisi. Akilitia mfukoni hata kipande, atashitakiwa kwa kesi ya uhujumu uchumi, na thamani haitapimwa kwa kipande. Ofisa wa wanyamapori hujaza hati ya tathmini kwa kuhesabu mnyama mzima aliyekufa, na katika hati za mashitaka tembo mmoja amekuwa akiandikwa dola 15,000. Mizani ya gramu haina kazi hapo. Kisha mzigo wa kuonyesha kwamba alikuwa nacho kihalali unamwangukia yeye.

Nyama ina utaratibu wake kwa kuwa inaoza. Polisi humpeleka mtuhumiwa pamoja na nyama mbele ya hakimu, hakimu huiona na kutoa amri iteketezwe, na hati ya amri hiyo ndiyo inayoletwa mahakamani siku ya kesi badala ya nyama. Mtuhumiwa ana haki ya kuwepo wakati huo na kusikilizwa, kusema kama nyama hiyo ni yake na kama kweli ni ya mnyama anayetajwa. Mahakama ya Rufani imewahi kukataa hati ya namna hiyo kwa sababu mshitakiwa hakushirikishwa. Ndugu wa aliyekamatwa wakifika kituoni, jambo la kuuliza mapema ni hilo: je, alipelekwa kwa hakimu, na alipewa nafasi ya kusema?