Homa gani? Ninavyowasaidia wazazi kuamua kuhusu chanjo ya influenza kwa watoto wadogo

Mzazi akiniambia kwamba mtoto wake ana homa, swali langu la kwanza huwa ni homa gani. Wengine hudhani ninawabishia, lakini swali hilo lina maana. Hapa Kisumu, kama ilivyo sehemu nyingi za Kenya, tunaita homa zile kamasi na chafya zinazokuja na mvua, ilhali Kiswahili cha vitabuni, na cha majirani zetu wa Tanzania, hulitumia neno hilo kwa joto la mwili lililopanda, na kamasi zikaitwa mafua. Kwa hiyo mama akisoma tangazo la kliniki ya kibinafsi kwamba "chanjo ya homa kwa watoto inapatikana", hudhani anauziwa kinga dhidi ya kila kamasi itakayomtoka mtoto hadi aanze shule. Hulipa, na wiki tano baadaye mtoto akipiga chafya huamini kwamba ametapeliwa. Nimefanya kazi ya udaktari wa watoto kwa muda wa kutosha kujua kwamba nusu ya maswali ninayoulizwa kuhusu chanjo hii hutokana na neno hilo moja.

Chanjo hii huzuia ugonjwa mmoja tu, ule unaoletwa na virusi vya influenza, aina A na aina B. Virusi vinavyowatoa watoto kamasi ni vingi mno, na vingi kati ya hivyo havihusiani kabisa na influenza. Tofauti ni kwamba influenza huja kwa ghafla: mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi huwa amelala mapajani mwa mamake saa tisa alasiri, joto limepanda, anakohoa, na ikiwa ni mkubwa kidogo analalamika kwamba miguu inamuuma. Mdogo asiyeweza kusema huacha tu kunyonya na kulia akishikwa. Lakini hata mimi, kwa kumtazama tu, siwezi kuapa kwamba huyu ana influenza na yule ana kirusi kingine. Ni maabara inayoweza kutofautisha.

Ndiyo maana takwimu za chanjo hii zinapaswa kusomwa kwa makini. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba, kwa watoto wa miaka 2 hadi 16, chanjo ya sindano hupunguza uwezekano wa kupata influenza yenyewe kutoka takriban watoto 30 katika kila 100 hadi 11. Lakini ukihesabu kila ugonjwa unaofanana na influenza kwa dalili, bila kujali umeletwa na kirusi gani, upungufu ni kutoka 28 hadi 20 tu. Takwimu ya kwanza ndiyo atakayokupa muuzaji, na ya pili ndiyo utakayoiona nyumbani kwako. Zote mbili ni za kweli. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, ambao ndio tunaowahofia zaidi, ushahidi wa majaribio katika mapitio hayo ulikuwa mchache, na mzazi anastahili kuambiwa hivyo kabla hajafungua mkoba.

Je, kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu kipimo changu hakijawahi kuwa idadi ya siku za kamasi. Ninachopima ni nani atakayelazwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vifo 99 katika kila 100 vya watoto walio chini ya miaka mitano vinavyotokana na maambukizi ya mapafu yanayohusiana na influenza hutokea katika nchi zinazoendelea. Virusi hivi huharibu utando wa njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wamekaa kimya puani na kooni hupata pa kupitia. Hapo ndipo influenza ya Jumatatu huwa nimonia ya Ijumaa. Katika ukanda huu wa ziwa, mtoto huyohuyo huenda tayari ana upungufu wa damu kutokana na malaria, au ana selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa kwetu si wa nadra. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wamekuwa wakifuatilia magonjwa ya njia ya hewa kwa miaka mingi katika eneo la Asembo, kaunti ya Siaya, kupitia hospitali ya Lwak, na wao ndio waliotuondolea ile dhana ya zamani kwamba influenza ni ugonjwa wa nchi za theluji. Iko hapa, na huzunguka mwaka mzima.

Wizara ya Afya haijalifumbia macho jambo hili. Mwaka 2016 kamati ya kitaifa inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza. Hata hivyo, kupendekeza ni jambo moja na kupata fedha, friji na mikono ya kuchanja kila mwaka ni jingine, na chanjo hii bado haimo katika ratiba ya kawaida inayotolewa bure kliniki. Matokeo yake ni kwamba uamuzi ambao ungefanywa na taifa umeachwa mikononi mwa mama mmoja anayehesabu noti kaunta ya hospitali ya kibinafsi. Hilo linanikera, ingawa ninaielewa hesabu ya serikali.

Mzazi akiniuliza "Daktari, nimchanje au nisimchanje?", kwanza ninaomba kijitabu cha kliniki. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo ya pneumokoka, bakteria wanaoleta nimonia, iliyoingia katika ratiba yetu mwaka 2011, au ambaye hajapata surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, asianze na influenza. Hizo ni za bure, hazirudiwi kila mwaka, na ya pneumokoka inamlinda dhidi ya ile nimonia inayoifuata influenza. Sitaki mzazi alipie dirisha ilhali mlango uko wazi.

Kijitabu kikiwa kimekamilika, msimamo wangu hutegemea mtoto. Kwa mwenye selimundu, pumu kali, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au anayeishi na virusi vya ukimwi, sisitasiti: ninamsihi mzazi atafute pesa, hata kama ni kwa kuahirisha jambo lingine. Kwa mtoto mwenye afya wa miezi 6 hadi miaka miwili ninaipendekeza ikiwa haitaondoa chakula mezani. Kwa mtoto mwenye afya wa miaka minne anayekimbia kutwa nzima, ninasema ni jambo jema lakini nisingemlaumu mzazi aliyeamua kungoja. Wapo wenzangu wanaonikosoa kwa hili la mwisho wakisema mtoto wa shule ya chekechea ndiye anayeleta virusi nyumbani kwa mdogo wake, na hoja yao ina uzito.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hachanjwi, kwani hakuna chanjo ya influenza iliyoidhinishwa kwa umri huo. Njia ya kumlinda ni kumchanja mama akiwa mjamzito, ili kinga ipite kwa mtoto kabla hajazaliwa. Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba njia hiyo ilipunguza influenza kwa takriban nusu, kwa akina mama wasio na virusi vya ukimwi na pia kwa watoto wao wachanga. Ni ajabu kwamba wajawazito ninaokutana nao wote wanaijua sindano ya pepopunda na karibu hakuna anayeijua hii.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibika mara nyingi kuliko yote. Mtoto aliye chini ya miaka tisa anayechanjwa dhidi ya influenza kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zikipishana kwa angalau wiki nne. Dozi ya kwanza huufundisha mwili kumtambua adui ambaye haujawahi kumwona, na ya pili ndiyo inayoinua kinga kufikia kiwango cha kutegemewa. Mpwa wangu mwenyewe alichanjwa mjini katika kliniki ambayo sitaitaja, mamake akalipa na kuondoka bila mtu yeyote kumwambia kwamba arudi. Niligundua miezi mitano baadaye nilipofungua kijitabu na kukuta muhuri mmoja tu. Dada yangu aliniuliza kwa nini mimi sikumwambia, na sikuwa na jibu.

Katika kaunti zetu za magharibi kuna njia nyepesi ya kukumbuka. Tangu Septemba 2019, ilipozinduliwa Homa Bay, chanjo ya malaria hutolewa huku kwetu kuanzia mtoto akiwa na miezi 6, kisha miezi 7 na 9, na dozi ya mwisho baadaye. Safari ya miezi 6 na ile ya miezi 7 zinapishana kwa muda uleule unaohitajika kati ya dozi mbili za influenza. Mzazi anayetaka kumchanja mdogo wake anaweza kufunga safari hizo pamoja, dozi ya influenza ikitolewa juma lilelile na ya malaria. Chanjo zisizo na kirusi hai kwa kawaida zinaweza kutolewa hata siku moja, kila moja kwenye paja lake. Umbali si jambo dogo: watoto wa Asembo walipopewa chanjo ya influenza bure katika utafiti wa mwaka 2011, mojawapo ya mambo yaliyoamua nani aliletwa na nani hakuletwa ni umbali wa nyumba yao kutoka kituo cha afya.

Kuhusu wakati wa kuchanja, kuna kichekesho. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kwa sababu virusi hivi hubadilika na chanjo ya mwaka jana huchakaa. Sisi tuko upande gani? Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kwa matatu kutoka mjini Kisumu, na sidhani kama kirusi husimama pale kwenye kibao kupiga picha kama wageni. Kwa kuwa hatuna majira ya baridi yanayojulikana, ninachomshauri mzazi ni kutosubiri mwezi wowote. Aulize chanjo iliyopo ni ya msimu gani, atazame mwenyewe tarehe ya kuisha muda, na aikatae iliyobakiza wiki chache, maana dozi ya pili huenda asiipate ya toleo lilelile. Kinga huanza kusimama takriban wiki mbili baada ya kuchanjwa, hupungua kadiri miezi inavyopita, na mwaka unaofuata itahitajika dozi nyingine, safari hii moja tu.

Chanjo ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtoto influenza. Anaweza kuvimba kidogo pajani, akapata joto kwa siku moja au mbili, akawa msumbufu. Mzazi aliyesoma mtandaoni kwamba chanjo hii iliwahi kuwaletea watoto degedege hajadanganywa: mwaka 2010 nchini Australia chanjo ya kampuni moja ilisababisha degedege la joto kwa watoto wadogo kupita kiasi cha kawaida, na ikaondolewa kwa umri huo. Hofu ya mzio wa mayai, ambayo ilikuwa kubwa zamani kwa sababu chanjo nyingi hukuzwa kwenye mayai ya kuku, sasa imepungua sana. Asiyepaswa kuchanjwa ni yule aliyepata mzio mkali kutokana na dozi iliyotangulia.

Aliyechanjwa na asiyechanjwa, wote bado wanaweza kupata joto, na joto ukanda huu lipimwe malaria kwanza, hata kama pua inatiririka. Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka mno, na akiwa anavuta mbavu ndani, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu au amepata degedege, usingoje asubuhi. Aspirini asipewe. Antibiotiki haiui virusi, kwa hiyo ile chupa iliyobaki ya kaka yake ibaki ilipo.

Mwezi uliopita alikuja mama kutoka upande wa Nyalenda akiwa na watoto wawili, wa miezi minane na wa miaka mitano, huyu mkubwa akiwa na selimundu. Vijitabu vyote viwili vilikuwa safi. Alikuwa na pesa za dozi mbili tu, akaniuliza kama si haki kila mtoto apate moja. Nilimwambia kwamba haki hiyo ingewaacha wote wawili na kinga nusu, na kwamba ningeanza na mkubwa, dozi zake zote mbili, kwa sababu kifua kikimshika yeye ndiye atakayeongezewa damu wodini. Alinyamaza kidogo, akamtazama mdogo aliyekuwa anavuta shanga zake, kisha akauliza wiki nne kutoka leo ni tarehe ngapi. Tuliiandika kwenye jalada la kijitabu cha mkubwa, kwa kalamu nyekundu.