Sheria ya 1958 haikuwapa askari wa Kusini haki ya makaburi ya kitaifa

Wapo wanaodai kwamba sheria ya Marekani ya 1958 iliwafanya askari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) kuwa maveterani kamili, wenye haki ya kuzikwa katika makaburi ya kitaifa ya jeshi. Si kweli. Sheria ile iliwahesabu hivyo kwa ajili ya pensheni tu, na walionufaika hasa ni wajane. Makaburi hayo yaliidhinishwa 1862 kwa waliokufa wakiitumikia Marekani. Askari wa Kusini walipigana dhidi yake, wakilinda utumwa.

Wale wa Kusini waliozikwa Arlington, makaburi ya kitaifa karibu na Washington, walitengewa eneo kwa idhini ya Bunge ya 1900, kama ishara ya maridhiano. Kwangu, maiti waachwe, sifa wasipewe. Desemba 2023 mnara wao uliondolewa, makaburi hayakuguswa.