Jik kiasi gani, maji kiasi gani?

Kipindupindu kikitangazwa Nairobi tunaambiwa tutumie jik, dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Naichanganyaje?

Anza na lebo ya chupa. Nguvu ya dawa huandikwa kwa asilimia. Nyingi ni 3.5, nyingine 5. Panapomwagika matapishi au kinyesi cha mgonjwa, inatakiwa 0.5%. Gawanya asilimia ya chupa kwa ile unayoitaka, kisha toa moja. 3.5 kwa 0.5 ni 7. Toa 1, zinabaki 6. Kikombe kimoja cha jik, sita vya maji.

Kwa nini nitoe moja?

Hapa ndipo wengi huteleza. Saba ni vikombe vyote vilivyomo ndooni, na kimoja ni jik yenyewe. Jipime kwa gramu: lita moja ya jik ya 3.5% ina gramu 35 za dawa. Ukiitilia lita sita za maji, gramu ni zilezile 35, ila sasa zimetawanyika katika lita saba. Kila lita imepata 5, ambayo ndiyo 0.5%.

Jirani yangu huweka moja kwa tisa. Amekosea?

Huenda chupa yake ni ya 5%, na kwake hesabu iko sawa kabisa. Kwa chupa yako ya 3.5% utapata 0.35%, dawa hafifu. Usiazime kipimo cha mtu kabla hujaona chupa yake.

Na kupiga deki kwa kawaida?

0.1% inatosha: kwa chupa ya 3.5%, moja kwa 34. Kwa ndoo ya lita 10, mililita 285 hivi za jik, halafu ujaze maji. Osha kwanza kwa sabuni, maana uchafu huimaliza klorini. Acha sakafu ikae na unyevu dakika 10. Changanya upya kila siku.

Ile ya kupimiwa mtaani kwenye chupa ya soda je?

Bila lebo huna cha kugawanya. Tena jua na joto huipunguza nguvu, na chupa hizo hushinda juani kibandani. Mimi singeitegemea penye mgonjwa. Na mtoto akiiona hiyo chupa ya soda, ataipeleka mdomoni.

Nikiongeza dawa ya choo, si itaua zaidi?

Usithubutu! Dawa nyingi za choo ni asidi, na asidi ikikutana na jik hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Katika bafu dogo la ploti lisilo na dirisha, hata kidogo ni hatari. Ukihisi macho na koo vinawasha, toka nje upesi. Ndoo iache hapohapo.