Digrii ya kilimo haikufanyi mwalimu wa kilimo (na dhana zingine ninazozisikia kila mwaka)

Mimi hufundisha agri na baiolojia shule ya upili huku Nakuru, na karibu kila mwaka tunapokea wanafunzi wa TP (mazoezi ya kufundisha) kutoka Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, kwa hiyo matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka simu yangu hailali. Wazazi, vijana, majirani wa wazazi, wote wanauliza kozi. Maswali sina shida nayo. Lakini mwezi uliopita amekuja kijana na bahasha ya vyeti, BSc Horticulture, amepita vizuri sana, anataka nimshike mkono apate shule afundishe agri. Miaka minne imeisha na hakuna mtu aliwahi kumwambia. Nikaona wacha niandike.

DHANA: Digrii yoyote ya kilimo inakuruhusu kufundisha kilimo

Hapana. Hii ndiyo inanikera kuliko zote kwa sababu inagharimu watu miaka na pesa. Ukifungua portal ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, utaona kozi chungu nzima zenye neno agriculture au agricultural, kuna BSc Agriculture, kuna Agricultural Economics, na kuna hii BSc Agricultural Education and Extension, wengi wanaona ni kitu kimoja tu wanachagua yenye klasta (alama za kuingilia) nafuu. Neno la kutafuta hapo ni EDUCATION. Kozi isiyo na hilo neno inakutoa mwanakilimo, haikutoi mwalimu.

Ili uandikishwe kufundisha sekondari TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu) inataka C+ ya jumla kwenye KCSE, C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha, na mafunzo ya ualimu yenyewe. Masomo MAWILI. Sisi wengi tuko na agri na baiolojia. Sasa yule kijana wa horticulture, hata nikimpenda vipi, hajasomea ualimu, inabidi arudi chuo afanye diploma ya uzamili ya ualimu, hiyo ni kama mwaka mmoja zaidi na karo juu yake, na hapo bado aonyeshe kwamba digrii yake inabeba masomo mawili ya kufundisha. Wengine wanakwama hapo kwa lile somo la pili.

Nikieleza hivi najibiwa "basi nitafundisha praiveti". Hiyo nayo si kweli. Sheria ya TSC ya 2012 inasema hakuna mtu kufundisha bila kuandikishwa, haijasema shule za serikali peke yake. Mkuu wa shule ya praiveti akikuchukua bila namba ya TSC anavunja sheria na wewe unaivunja pamoja naye, na mshahara atakulipa anavyotaka kwa sababu anajua huna pa kwenda.

Na msidhani ni urasimu tu. Paper 3 ya agri kwenye KCSE, ile 443/3, ni mradi. Mtahiniwa anafuata maelekezo ya KNEC (baraza la mitihani), anaandaa shamba, anapanda, anatunza, anaweka rekodi, na mwalimu wake ndiye anakagua na kutoa alama hatua kwa hatua. Chukua darasa la watoto sitini, kila mmoja na kitalu chake, mvua imechelewa, wawili mboga zao zimeliwa na mbuzi wa jirani, na wewe unatakiwa uwape alama za haki ambazo utaweza kuzitetea. Kujua kiasi cha mbolea ya DAP kwa ekari hakukusaidii hapo. Kinachokusaidia ni mtu kukufunza kupima kazi ya mwanafunzi, kuandaa skimu (mpango wa kazi wa muhula), kupanga somo la vitendo bila watoto kukatana na majembe, halafu muhula mzima wa TP mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa anaandika. Nimeona wanaojua kilimo kuliko mimi wakishindwa kueleza kidato cha pili mzunguko wa naitrojeni.

DHANA: Ni kozi ya jembe, ya waliokosa kozi nzuri

Utasoma kemia ya udongo, takwimu, lishe ya mifugo, uchumi wa kilimo, mashine, halafu saikolojia ya elimu na mtaala juu yake. Ukiichukua ukidhani ni mteremko, takwimu zitakuamsha mapema.

DHANA: Wasichana hawaiwezi

Upuuzi. Tusonge.

DHANA: TSC isipokuajiri umekwisha

Hilo neno Extension kwenye jina la kozi ni ugani, yaani kuwafundisha wakulima mashambani. Katiba ya 2010 ilipeleka kilimo cha mimea na mifugo kwa kaunti, kwa hiyo maafisa wa ugani wanaajiriwa na kaunti, na mashirika yanayofanya kazi na wakulima yanatafuta watu wanaojua kufundisha watu wazima. Sisemi kazi zimejaa, sitadanganya mtoto wa mtu. Nasema una milango miwili na mwenzako ana mmoja.

DHANA: CBC (mtaala mpya wa umilisi) imeua agri

Imefanya kinyume. Agriculture ni somo la lazima Grade 7 hadi 9, na Grade 10 walioanza Januari 2026 wanaipata kwenye njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati). KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mtaala wa zamani, ni 2027, kwa hivyo anayeingia chuo sasa ajiandae kufundisha mtaala mpya, notsi zangu za zamani hazitamfaa sana.

Na kwa anayengoja kuitwa chuo, ombi langu ni lile lile la kila mwaka: panda kitu SASA. Hata sukuma kwenye gunia. Andika tarehe ya kupanda, mbolea, wadudu, ulivuna nini, uliuza ngapi. Ukija TP kwangu nitakuomba hilo daftari kabla ya lesson plan.

Kama ulishajaza kozi isiyo na Education na moyo wako uko darasani, KUCCPS huwa na kipindi cha kubadilisha kozi na baadaye cha kuomba uhamisho. Fuatilia hizo tarehe wiki hii, usije kwangu na bahasha baada ya miaka minne.