Saa 96 kwa Mwaka: Namna ya Kusoma Lugha ya Kigeni Sekondari

Chukua ratiba yenye vipindi vinne vya lugha ya kigeni kwa wiki, kila kipindi dakika 40, kwa wiki 36 za masomo. Jumla ni saa 96 kwa mwaka, yaani saa 384 kwa miaka minne, na hapo hujaondoa siku za mitihani. Foreign Service Institute, taasisi inayowaandaa wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria takriban saa 600 hadi 750 za darasani ili mtu aweze kufanya kazi kwa Kifaransa au Kihispania, na takriban saa 2,200 kwa Kichina, Kijapani, Kikorea au Kiarabu. Makadirio hayo yanahusu watu wazima wenye Kiingereza kama lugha ya kwanza, wanaosoma kutwa nzima, kwa hiyo hayamkai mwanafunzi wa sekondari sawasawa. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba darasa peke yake halifikishi. Dakika 15 za kila siku nje ya darasa, likizo zikiwemo, huongeza saa 91 kwa mwaka, karibu sawa na vipindi vyote vya shule.

Ndiyo maana kuhama lugha katikati ya safari ni hasara kubwa kuliko kuchagua lugha "ngumu". Mwanafunzi mwenye miaka miwili ya Kijerumani anayehamia Kichina hujikuta, mwisho wa sekondari, anajua kusalimia kwa lugha mbili. Chagua moja na ukae nayo.

Dakika 15 hizo zigawanywe. Tano za kwanza ni za msamiati. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa za mwanzo, kisha kasi yake hupungua. Kwa hiyo neno jipya liandikwe kwenye kadi na lirudiwe kesho yake, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 30. Lililokosewa hurudi mwanzo. Maneno matano kwa kila siku ya shule yanatosha: ni 900 kwa mwaka. Anayejilazimisha 30 kwa siku huzidiwa na marudio ndani ya wiki mbili, akaacha kadi zote. Kwenye kadi usiandike neno tupu. Andika sentensi fupi yenye neno hilo, na nomino za Kifaransa au Kijerumani ziandikwe pamoja na kibainishi chake: "la table", si "table".

Dakika saba zinazofuata ni za sikio na mdomo. Sikiliza sauti ya nusu dakika mara tatu, andika unachosikia kama imla, linganisha na maandishi yake, kisha isome pamoja na msemaji huku simu ikikurekodi. Kujisikiliza kunakera, lakini hakuna njia nyingine ya kukamata kosa ambalo mdomo umelizoea. Mzungumzaji wa Kiswahili ana makosa yake maalumu. Hana irabu ya Kifaransa inayoandikwa "u", hivyo "dessus" (juu) na "dessous" (chini) hutoka mdomoni mwake kama neno moja. Hupenda kuongeza irabu mwishoni mwa neno linaloishia na konsonanti. Katika Kichina husahau kwamba toni ni sehemu ya neno: "mā" ni mama, "mǎ" ni farasi. Dakika tatu za mwisho ni za kuandika sentensi mbili au tatu kutoka kichwani. Programu ya kutafsiri ifunguliwe baada ya hapo, kwa kusahihisha tu. Ikitangulia, ndiyo iliyofanya zoezi.

Jambo linalopuuzwa sana madarasani ni hazina ambayo Kiswahili kinampa mwanafunzi. Mwanafunzi wa Kifaransa huandika "je suis quinze ans" (neno kwa neno, "mimi ni miaka 15") kwa sababu amepitia Kiingereza kichwani. Angetoka moja kwa moja kwenye "nina miaka 15" na "nina njaa", angefika "j'ai quinze ans" na "j'ai faim" bila kupotea, na Kihispania hufanya vivyo hivyo: "tengo quince años", "tengo hambre". Upatanisho wa jinsi (ya kiume na ya kike) katika Kifaransa nao haupaswi kumtisha mtu aliyekua akisema "kitabu kizuri, mtu mzuri, nyumba nzuri". Ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsi zao mbili. Anayesoma Kiarabu tayari anayo kitabu, katibu na maktaba, maneno matatu ya mzizi mmoja wa k-t-b, na akiuelewa mzizi huo ameanza kuelewa jinsi Kiarabu kinavyounda maneno. Mitego nayo ipo. "Tafsīr" kwa Kiarabu ni ufafanuzi, si tafsiri. Tafsiri yetu wao huiita "tarjama", neno ambalo nasi tunalo.

Utamaduni usiachiwe siku ya maonyesho ya mavazi na vyakula. Umo ndani ya sarufi. Kuchagua kati ya "tu" na "vous" za Kifaransa, au "du" na "Sie" za Kijerumani, yaani "wewe" ya karibu na "wewe" ya heshima, ni uamuzi kuhusu umri, cheo na ukaribu unaofanywa katika kila sentensi. Kijapani kina vitenzi vya kumkweza unayemtaja na vingine vya kujishusha, na kuvitumia kinyume ni kujikweza mwenyewe. Huko Ufaransa, kuuliza bei dukani bila kutanguliza "bonjour" ni ukosefu wa adabu, hata sarufi ikiwa safi. Mazoezi yanayofaa ni maigizo mafupi: ombi lile lile kwa rafiki, kwa mwalimu na kwa mgeni, na darasa lieleze nini kimebadilika.

Kupima maendeleo, tumia ngazi za A1 (anayeanza) hadi C2 (bingwa) zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Mwanafunzi wa Kifaransa anayefuata ratiba hii kwa miaka minne anaweza kulenga B1, na mwenye bidii zaidi B2, kiwango ambacho vyuo vikuu vingi vya Ufaransa hudai. Mitihani ya DELF kwa Kifaransa na DELE kwa Kihispania hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtihani wa JLPT wa Kijapani, kuanzia N5 (rahisi zaidi) hadi N1 (ngumu zaidi), hauna sehemu ya kuzungumza wala kuandika insha, kwa hiyo anayejiandaa kwa huo mtihani pekee atenge siku mbili kwa wiki za kuzungumza na mtu, hata kama ni mwanafunzi mwenzake.