Neno refu si neno gumu: kwa wanaohesabu herufi kwenye vitabu vya maktaba

Kwa wiki kadhaa sasa, kaunta yetu ya kuazima vitabu hapa Mbeya inapokea vitabu vyenye vinukta. Kinukta cha wino chini ya kila herufi, na pembeni mwa mstari namba ndogondogo: 4, 6, 2, 2, 9. Ni kazi ya takwimu waliyopewa wanafunzi wa baadhi ya sekondari: chukua vitabu viwili, linganisha urefu wa maneno, eleza ulichokiona. Kazi yenyewe ni nzuri na tunaiunga mkono. Vinukta hatuviungi mkono, na nitavirudia huko mbele.

Pamoja na vinukta yamekuja malalamiko. Mzazi mmoja amerudisha hadithi ya watoto akidai wastani wa herufi kwa kila neno umezidi ule wa maneno ya tangazo la ofisi alilolinganisha nalo, kwa hiyo haimfai mwanawe wa darasa la tatu. Mwalimu mwingine alileta insha ya mwanafunzi, akaomba tuigongee muhuri kuthibitisha kwamba, kwa urefu wa maneno yake, haikuandikwa na mtoto yule. Muhuri wa namna hiyo hatuna.

Nianze na la mzazi. Kutafuta wastani kila mtu anajua, sitakaa hapo. Chukua sentensi ya hadithi: "Bibi alikaa jikoni akimenya viazi huku mvua ikinyesha." Maneno 8, herufi 46, wastani 5.75. Sasa chukua ya kiofisi: "Utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa miundombinu ya shule za sekondari za wilaya." Maneno 13, herufi 70, wastani 5.4 hivi. Kwa hesabu ya mzazi wetu, Bibi na viazi vyake ni mgumu kuliko miundombinu. Mimi nimesoma barua za ofisi miaka mingi, na hiyo ya pili bado ningeirudia mara mbili.

Kilichotokea ni hiki. Katika sentensi ya ofisi, maneno 6 kati ya 13 ni "wa", "ya" na "za", ya herufi mbili mbili. Hayo ndiyo yanayovuta wastani chini, huku "utekelezaji" na "miundombinu", herufi 11 kila moja, yakiuvuta juu. Ni sawa na magunia mawili ya viazi, moja lumbesa na jingine nusu: ukitafuta wastani utaambiwa ni magunia ya kawaida, na mgongo wa mbebaji utakwambia vingine.

Kwa hiyo wastani usisimame peke yake. Yapange maneno kuanzia fupi hadi refu, utazame namba iliyoangukia katikati: hadithi inatoa 5.5, ofisi inatoa 5. Tazama na modi, yaani urefu uliojirudia kuliko mwingine: hadithi 4, ofisi 2. Halafu pima mtawanyiko, jambo ambalo wanafunzi wengi hawaligusi kabisa. Kwa kila neno tafuta tofauti kati ya urefu wake na wastani bila kujali alama ya kutoa, jumlisha tofauti hizo, gawanya kwa idadi ya maneno. Sentensi ya Bibi inatoa 1.5. Ya ofisi inatoa karibu 3.2, zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo tofauti ya maandishi haya ilipokuwa imejificha. Ieleweke kwamba sentensi mbili si vitabu viwili. Nimezileta kuonyesha hesabu inavyokwenda, mtu asije akaninukuu.

Na hata mtawanyiko haukwambii kitabu ni kigumu. Nimelieleza hili kaunta hadi sauti imekauka. "Nimewaletea" lina herufi 11, sawasawa na "miundombinu", lakini la kwanza mtoto amelisikia mlangoni tangu hajajua kutembea. "Azma" lina herufi 4, muulize huyo mtoto maana yake. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja: "tutakapowatembelea" ni herufi 18, na Kiingereza kingehitaji maneno matano kusema hilohilo. Anayelinganisha riwaya ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa herufi amepima lugha, vitabu hajavigusa.

La mwalimu ni la zamani kuliko anavyodhani. Mwaka 1851 Augustus de Morgan, mwanahisabati wa Uingereza, alipendekeza katika barua kwamba urefu wa wastani wa maneno ungeweza kusaidia kujua kama Waraka kwa Waebrania uliandikwa na Paulo. Mwaka 1887 Mmarekani Thomas Mendenhall alikwenda mbele zaidi: aliachana na wastani mtupu, akachora mchoro wa marudio, maneno ya herufi moja ni mangapi, ya mbili mangapi, na kuendelea. Mwaka 1901 akatoa matokeo juu ya Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, na Francis Bacon, mwanafalsafa wa zama zilezile, baada ya kina mama wawili kumfanyia kazi ya kuhesabu. Kwa Shakespeare kilele cha mchoro kilikuwa kwenye herufi 4, kwa Bacon herufi 3. Waliokuwa wakiamini Bacon ndiye aliyeandika tamthilia zile walinyong'onyea. Lakini mwaka 1975 mtafiti C. B. Williams alionyesha kasoro: tamthilia za Shakespeare kwa sehemu kubwa ni mashairi, na maandishi ya Bacon ni nathari. Mwandishi yuleyule akitoka kwenye shairi kwenda kwenye nathari, mchoro wake unaweza kuhama. Basi mwanafunzi aliyeandika barua ya kirafiki mwezi uliopita na insha ya hoja mwezi huu asihukumiwe kwa herufi. Maktaba haitatoa maoni yoyote ya maandishi kuhusu nani ameandika nini.

Sasa utaratibu, na hapa naomba usikivu. Wengi huhesabu ukurasa wa kwanza wakamaliza. Mnunuzi wa mchele kule Mbarali hachomi bambo, kile chuma cha kutolea punje za kukagua, juu ya gunia tu. Anachoma katikati, anachoma na chini. Kitabu cha kurasa 200 fanya hivi: andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia koponi, chomoa kimoja. Ukipata 7, chukua ukurasa wa 7, wa 27, wa 47, hivyo hivyo hadi wa 187. Kila ukurasa hesabu maneno 50 ya kwanza kuanzia aya mpya. Utapata maneno 500. Ukurasa wenye picha tupu, chukua unaofuata na uandike kwamba umefanya hivyo. Kitabu cha pili nacho kihesabiwe vivyo hivyo, na kiwe cha aina moja na cha kwanza.

Kanuni ziamuliwe kabla ya kuanza, si katikati. Kibainishi cha "ng'ombe" si herufi, neno hilo ni herufi 6. "Kwa hiyo" ni maneno mawili, hata kama mchapaji ameyabana yakawa moja. Ama ukiamua kumfuata mchapaji, mfuate kote. Majina ya watu na miji yaachwe, la sivyo hadithi inayotokea Makambako itarefuka kwa sababu ya jina la stendi.

Kuhusu vinukta: katika maktaba yetu, kitabu kilichoandikwa kwa wino kinahesabiwa kimeharibiwa. Aliyekiazima ananunua nakala ya toleo lilelile. Kama toleo halipatikani madukani, anajaza fomu ya upotevu, analipa bei tutakayoikadiria, na kadi yake inasimama hadi risiti iingizwe kwenye daftari. Mwanafunzi anayeazima kwa kadi ya shule, shule ndiyo inayodaiwa. Penseli nayo ni wino kwa maana ya kanuni hii. Tafadhali msinifuate na vifutio. Wala msije kuomba kutoa nakala ya kitabu kizima ili mtie vinukta huko. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mashine yetu ya kunakili haipo juu yake.

Tumekata karatasi za nailoni angavu, zilezile za kufunikia madaftari, zikalingana na kurasa. Lalisha moja juu ya ukurasa, weka alama kwa maka peni inayofutika kwa maji, hamishia namba kwenye daftari lako, futa kwa kitambaa chenye maji. Zinaazimwa kaunta kwa kuacha kadi. Zirudi zikiwa kavu, maana mvua hizi za Mbeya zimeshatuloweshea kurasa za kutosha.